Mzio mkali kwenye dripu ya siklosporini au takrolimasi: kuuzuia na kuukabili

Siklosporini na takrolimasi ni dawa za kushusha kinga ya mwili ili kiungo kilichopandikizwa kisikataliwe. Mgonjwa aliyepandikizwa figo au ini hupewa dawa hizi kwa mshipa pale tu anaposhindwa kuzimeza. Akipata mzio mkali, mara nyingi chanzo si dawa yenyewe bali mafuta yaliyoibeba. Dawa hizi haziyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo huwekwa katika mafuta ya mbarika (nyonyo) yaliyobadilishwa kikemikali, pamoja na spiriti. Kila mililita ya siklosporini ya sindano ina miligramu 50 za dawa na miligramu 650 za mafuta hayo. Yakiingia mengi kwa mkupuo, seli humwaga histamini (kemikali inayoleta dalili za mzio), hata kwa mtu anayeyapata kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kinga huanzia mezani pa kuchanganyia. Mafuta haya ni mazito: yasipochanganywa vizuri hutuama chini ya chupa, palepale mpira wa dripu unapoanzia, na mgonjwa akapokea mafuta mengi katika dakika za mwanzo. Pindua chupa juu chini, taratibu, mara nyingi, hadi usione michirizi tena. Usiongeze dawa kwenye dripu iliyokwisha kutundikwa.

Mililita 1 ya siklosporini huchanganywa na mililita 20 hadi 100 za saline (maji ya chumvi) ya 0.9% au glukosi ya 5%, ikapita kwa saa 2 hadi 6. Dozi ya mshipa ni kama theluthi moja ya ile ya kumeza. Ukinakili ya kumeza ilivyo, umempa mara tatu. Takrolimasi huchanganywa hadi ibaki mikrogramu 4 hadi 20 kwa mililita, na hupita mfululizo. Tumia chupa ya kioo au mfuko wa polithini, kamwe si plastiki ya PVC: takrolimasi hunata humo, na mafuta hunyonya kemikali za plastiki.

Kabla ya kufungua dripu, uliza kama aliwahi kudhurika na sindano yoyote yenye mafuta haya, na kama anatumia dawa za presha za kundi la beta bloka. Adrenalini na oksijeni ziwe kando ya kitanda, si kabatini. Kaa naye dakika 30 za mwanzo bila kuondoka, kisha mpitie mara kwa mara.

Uso ukiiva, mwili ukiwasha, kifua kikibana au presha ikishuka, funga dripu mara moja. Mshipa uache wazi, lakini badilisha mpira wote, maana uliopo bado umejaa dawa. Mchome adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita kwenye msuli wa paja, upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.5. Rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mlaze, miguu juu. Anayehema kwa shida aketi, ila asisimame wala kutembezwa, kwani moyo unaweza kusimama. Mpe oksijeni, na saline ya haraka mililita 10 hadi 20 kwa kilo, ukisikiliza mapafu, hasa kama figo mpya bado haijaanza kukojoa. Antihistamini (dawa za kuzuia histamini) na steroidi hufuata baadaye. Kuzitanguliza ni kosa linalopoteza dakika za thamani. Anayetumia beta bloka huenda asiitikie adrenalini: mpe glukagoni (homoni ya sindano) miligramu 1 hadi 5 kwa mshipa, polepole kwa dakika 5, ukilinda njia ya hewa kwa sababu hutapisha.

Chukua damu ya kupima triptesi (kimeng'enya kinachomwagwa na seli za mzio) saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, na nyingine baada ya saa 24 ili kulinganisha. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, hivyo abaki chini ya uangalizi.

Kiungo kipya hakiwezi kukaa bila kinga kushushwa, kwa hiyo daktari wa upandikizaji apigiwe simu siku hiyohiyo. Kutoka sindano ya siklosporini kuhamia ya takrolimasi si salama, kwani nayo ina mafuta ya jamii hiyohiyo. Kidonge cha takrolimasi hakina mafuta hayo, na wengi waliodhurika na sindano wamekivumilia. Dozi ya kwanza itolewe wodini. Katika faili andika jina la dawa pamoja na mafuta ya mbarika, kwa sababu paklitakseli, dawa ya saratani, nayo hubebwa na mafuta yaleyale.