Jinsi ya kuanza meditesheni bila kudanganywa kwamba ubongo utanenepa kwa wiki nane

Kama umeingia kwenye hii kitu kwa sababu ya zile video za "fanya meditesheni wiki nane ubongo unakua", tulia kwanza, maana mimi nilianza na hiyo tamaa nikaacha mara mbili.

Stori yenyewe iko hivi. Mwaka 2005 mtafiti wa ubongo Sara Lazar na wenzake wa Boston, Marekani, waliwapiga MRI, yaani picha za ndani ya ubongo, watu 20 wenye uzoefu wa meditesheni, sio watawa wa milimani, watu tu wenye kazi na familia zao, wakawalinganisha na 15 ambao hawafanyi. Wakakuta sehemu chache za gamba la ubongo wa wale wazoefu ni nene zaidi, mojawapo insula ya kulia, hiyo ndo inayokuletea habari za ndani ya mwili, pumzi, moyo kudunda, tumbo kuunguruma. Sasa jiulize, meditesheni ndo imeinenepesha au mwenye insula nene ndo anaweza kukaa kimya miaka yote hiyo? Picha ya siku moja haiwezi kukujibu. Mwaka 2011 timu ya hukohuko ikapima watu 16 kabla na baada ya kozi ya meditesheni ya wiki 8, wakaona ongezeko kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, na video zikapata cha kuuza. Ila 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison wakachukua watu zaidi ya 200, kozi ya aina ileile, waliogawanywa makundi kwa bahati nasibu, na umbo la ubongo halikuonyesha badiliko lililoletwa na kozi. Hiyo ndo hawakuwekei.

Kwa hiyo usihesabu wiki. Wale wa 2005 walikuwa wanakaa kama dakika 40 kwa siku kwa miaka, na walichokuwa wanafanya ni kuusikiliza mwili bila kuanza kuuwazia, basi tuanze na hichohicho.

Tafuta stuli au kiti kigumu, kitandani utalala tu. Nyayo chini, mgongo usiegemee, mikono mapajani. Simu weka alamu ya dakika 5 halafu iweke mode ya ndege, sio sailenti, sailenti utaona mwanga umewaka utachungulia. Mimi nakaa alfajiri kabla majirani hawajaanza kugombania bomba.

Sikilizia pumzi pale inapogusa tundu la pua, ikiingia ina ubaridi ikitoka ina joto, usiivute kwa nguvu iache ijiendee. Hesabu zikitoka, moja mpaka kumi, rudi moja. Hufiki kumi, nakwambia mapema. Ukifika nne utakuwa umeshaanza kubishana kichwani na mtu anayekudai, na ukishtuka uko huko usijilaumu wala usijiulize umetoka saa ngapi, rudi moja, huko kurudi ndo zoezi lenyewe na ukirudi mara thelathini umefanya mazoezi mara thelathini. Mguu ukifa ganzi usiruke kuunyoosha, uchunguze kidogo, unachoma wapi, unasogea au umetulia, ukizidi basi nyoosha taratibu, hakuna anayekupa alama. Usingizi ukija fumbua macho utazame sakafu.

Kaa na dakika 5 mwezi mzima hata ukiona unaweza zaidi, ndo uongeze mpaka 10. Mimi kilichoniangusha mara zote mbili ni kuanza na nusu saa. Ukikosa siku, kesho kaa 5 zilezile, usilipe deni.

Moja tu ni siriasi: kama una sonona au kuna jambo zito lilikupata na ukikaa kimya linarudi kwa nguvu, moyo unaenda mbio, acha, simama tembea, halafu ongea na daktari au mshauri kabla ya kuendelea. Kukaa kimya sio dawa ya kila mtu.

Na kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, weka tiki kila siku uliyokaa. Yangu ya Januari ina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.