Kabla hujanunua Forester ya mtu: fundi wa Tabata anakuonyesha pa kushika

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji tangu jana yake kwamba gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukikuta boneti lina joto na yeye anakwambia "nilikuwa nalisogeza kidogo tu, bosi," ujue kuna sauti hakutaka uisikie. Injini ya Subaru husema mengi dakika chache za kwanza baada ya kulala usiku kucha. Ikishapata moto, baadhi ya kelele hizo hunyamaza, na wewe utabaki kusifia redio na viti.

Mimi gereji yangu iko Tabata, na Subaru ndizo ninazozishika zaidi, hasa Forester, maana ndizo zilizojaa mjini. Kwa mafundi tunaziita kwa namba za chesi: SF5 ni ile ya mwanzo iliyotoka 1997, SG5 ikaja 2002, SH5 mwisho wa 2007, SJ5 mwisho wa 2012. Zizoee namba hizi, kwa sababu dalali atakwambia "Forester New Model" kwa gari lolote ambalo taa zake hazijafubaa.

Kwanza uelewe kwa nini injini imelala. Kampuni iliyozaa Subaru ilikuwa ya ndege, Nakajima, iliyoanza 1917. Baada ya vita ilivunjwa vipandevipande, na mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nayo zikaungana kuwa Fuji Heavy Industries. Ndiyo maana nembo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Gari dogo la Subaru 360 lilitoka 1958, na 1966 ikatoka Subaru 1000, ambayo injini yake ya maji ilikuwa na silinda mbili kulia na mbili kushoto, zinatazamana kwa migongo. Tangu hapo hawajaachana na mpangilio huo. Vijiweni utasikia kwamba hii ni "injini ya ndege". Siyo. Injini za Nakajima kama Sakae, iliyosukuma ndege ya kivita ya Zero, silinda zake zilikaa kwa duara. Kilichorithiwa ni wahandisi na ubishi wao, siyo injini.

Kulala huko ndiko kunakolifanya gari litulie kwenye kona, kwa sababu uzito uko chini. Na ndiko kunakokuletea gharama: silinda hedi ziko mbili, gasketi za hedi mbili, za kava mbili, plagi zimejificha ubavuni karibu na bodi, na oili inayovuja haina pa kwenda isipokuwa kudondokea ekzosi. Karibu kila nitakachokuambia uangalie kinatokana na hapo.

Haya, gari bado la baridi. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama, weka swali kichwani, hasa kama ni SHJ (SH ya miaka ya mwisho, iliyobadilishiwa injini) au SJ5. Hizo zina injini ya FB20, na FB za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Marekani wenye magari walilifikisha suala hilo mpaka mahakamani. Mteja wangu mmoja, mwalimu anayesafiri Dar na Mbeya kila likizo, anatembea na galoni la oili nyuma na anaangalia kijiti kila anapojaza mafuta. Gari lake ni zima kabisa. Anayeua FB ni yule anayesubiri taa ya oili iwake.

Sasa fungua kifuniko cha rejeta. (Baridi, nimesema. Ukifungua la moto utaungua uso.) Unataka kuona kulanti ya kijani, au ya bluu kwa magari ya karibuni. Ukiona maji ya kutu, mwenye gari alikuwa anajaza maji ya bomba, au mabaya zaidi, ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi inatafuna aluminiamu ya hedi polepole, ikianzia pale gasketi inapokalia. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa rejeta. Kikitoka na utando wa mafuta, shukuru, aga, ondoka.

Kama ni safi, mwambie awashe huku kifuniko kikiwa wazi, ukae pembeni utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa ya kawaida. Acha injini iungurume yenyewe mpaka ipate moto na maji yaanze kuzunguka. Mapovu yakiendelea kuja bila kukoma, au tanki la akiba likawa linachemka na kunuka moshi, gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi. Hapo hakuna cha kubembeleza bei. Kufungua hedi mbili, kuzipeleka zikasawazishwe na kuzirudisha ni kazi ya pesa ndefu, na injini ya Subaru ni rahisi kuifanyia kazi hiyo ikiwa nje kuliko ikiwa ndani ya gari.

Kuna kipimo kimoja ambacho Dar hakuna anayekifanya kwa sababu ya joto letu. Injini ikishashika moto, fungulia hita mpaka mwisho. Hewa ikitoka ya baridi wakati geji ya moto iko katikati, mfumo una hewa au maji ni pungufu. Subaru ina tabia ya kuficha hewa kwenye mabomba ya hita. Kwenye nyingi, juu ya rejeta, kona isiyo na kifuniko, kuna skrubu ya plastiki ya kutolea hiyo hewa. Fundi asiyeijua akibadilisha maji, gari litachemsha wiki hiyohiyo, na lawama atabebeshwa Mjapani. Ukiwa hapo juu, tazama pia plastiki ya rejeta. Ikigeuka kutoka nyeusi kuwa ya kahawia, itapasuka, na inachagua kupasukia mlimani Kitonga.

Washa na AC uone kama feni zote mbili zinazunguka.

Kuhusu sauti: kugongagonga kwepesi kwa ubaridi kunakopotea injini ikishapata moto, kwenye EJ20 (injini ya SF5, SG5 na SH5 za mwanzo) mara nyingi ni pistoni, na gari huishi nako miaka. Kugonga kuzito kunakofuata mwendo wa mafuta, unakanyaga kunakuwepo, unaachia kunapungua, huko ni beringi za chini. Imenoki hiyo. Usikubali kuambiwa ni plagi.

Inama sasa uvungu, au mlipe kijana wa kuoshea magari akupandishie kwenye jukwaa lake. Unyevu wa oili kwenye kava za pembeni ni jambo la kawaida na gasketi zake hazina bei ya kutisha. Ndiyo ile harufu ya kuungua unayoisikia ukisimama kwenye taa. Unyevu unaotokea katikati, pale injini inapokutana na giaboksi, ni habari nyingine, maana kupafikia ni mpaka injini itoke au giaboksi ishuke. Uvungu uliooshwa ukang'aa siku hiyohiyo unanitia wasiwasi kuliko wenye oili.

Belti ya taiming

EJ inatumia belti, FB inatumia cheni. Huko Japani belti hubadilishwa ikifika kilomita 100,000, na gereji za kule zina tabia nzuri ya kubandika stika kwenye chumba cha injini ikionyesha tarehe na kilomita. Huhitaji kusoma Kijapani. Tafuta namba zinazofuatiwa na "km". Mwaka ukiandikwa kwa enzi ya Heisei, jumlisha 1988: yaani 20 ni mwaka 2008. Linganisha na dashibodi. Stika ikisema belti ilibadilishwa kwenye 98,000 na dashibodi inasoma 84,000, umeshapata jibu ambalo muuzaji hakukupa. Kama hakuna stika wala risiti, hesabu kwamba belti haijaguswa na uipunguze kwenye bei, pamoja na roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa pampu iko nyuma ya belti hiyohiyo. Ikikatika njiani, kwenye EJ nyingi valvu hukutana na pistoni.

Miguu minne

Hili wanunuzi wengi wanaliruka, na mimi ndilo ninaloliangalia kabla hata ya kusalimiana vizuri. Subaru walianza kuuza gari la familia la kuvuta miguu yote kwa Leone ya 1972, na Forester nyingi tulizonazo hapa zinavuta yote muda wote. Kwa hiyo tairi nne zinatakiwa ziwe za kampuni moja, saizi moja, na zilizolika sawa. Bongo tunanunua tairi mbili mbili. Tairi mpya mbele na kipara nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti, giaboksi inapambana na tofauti hiyo kila mita, na klachi za ndani zinazogawa nguvu huisha.

Kupima ni rahisi. Tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho, achia breki gari litambae lenyewe. Likienda kama linashikwa na breki, linajivuta na kusita, ugonjwa umeshaingia. Rudia upande wa pili. Halafu fungua boneti la SF5 au SG5 ya automatiki, tafuta kijisanduku kilichoandikwa FWD. Kinatakiwa kiwe kitupu. Ukikuta fyuzi imechomekwa, mtu amezima miguu ya nyuma ili gari lisishike, na kwenye dashibodi taa ya FWD itakuwa inawaka, kama hawajaitoa balbu.

Simama mbali kidogo ulitazame gari kwa ubavu. SF5 na SG5 nyingi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe. Zikichoka, gari linakaa chini nyuma hata likiwa tupu. Za aina ileile ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunafunga shokapu za kawaida na springi zake, na gari linakuwa sawa kabisa. Omba punguzo kwa hilo bila aibu. Barabarani, kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, funga vioo usikilize nyuma: mvumo unaobadilika ukiyumbisha usukani kidogo ni beringi ya tairi. Nayo ni ya kawaida, itengeneze.

Ile yenye pua kwenye boneti

Najua, ile ya turbo unaitaka. Nchi hizi zilianza kuugua Subaru tangu Safari Rally, pale Colin McRae aliposhinda na Impreza ya bluu mwaka 1997, na Richard Burns akarudia 2000. Turbo iliyotunzwa ni gari tamu. Tatizo ni kwamba hapa mjini imepita mikono ya vijana. Ukikuta ekzosi imekatwa, geji ya ziada imening'inia na muuzaji hajui ni lini oili ilimwagwa mara ya mwisho, mwachie. Kwenye turbo, oili pungufu inaua vitu viwili kwa mpigo, turbo yenyewe na beringi za chini. Kwa mtu wa kazini na nyumbani namshauri SG5 isiyo na turbo, au SJ5 kama mfuko unaruhusu, ila kwenye SJ5 uliza kama oili ya giaboksi ya CVT (automatiki isiyo na gia za hatua) imewahi kubadilishwa, na kwa oili ipi. Oili ya automatiki ya kawaida humo ni sumu. Na kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, baki kwenye injini isiyozidi cc 2000. Ukivuka hapo ushuru unapanda, na gari likiwa la zamani sana TRA wana ada ya uchakavu juu yake.

Mafuta? Inakunywa kuliko Toyota IST. Asiyetaka kusikia hivyo anunue IST.

Karatasi

Namba ya chesi, kwenye nyingi, imegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Isome kwa macho yako, uilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Namba ya injini iko juu ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi. Ifute vumbi. Ikitofautiana na kadi, injini ilinunuliwa Gerezani au Ilala. Siyo dhambi, magari mengi yanatembea hivyo, lakini kadi irekebishwe kabla ya pesa kutoka, na uulize ya kwanza ilikufa kwa nini. Kwa namba ya usajili, angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi na ya maegesho TARURA. Hayo alipe yeye leo, ukiwa umesimama hapo.

Ukishalipa na kuandikishana, usiende kwanza kulionyesha gari kwa shemeji. Lipeleke gereji, mwaga oili, weka filta mpya, osha mfumo wa maji, jaza kulanti ya kweli na utoe hewa kwa ile skrubu. Andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha stika, ubandike chini ya boneti.