Jinsi ya kuomba msamaha wa ushuru kwa misaada ya watoto wa Kiroma, Romania

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaokusanya nguo, blanketi na viatu vya watoto kwa ajili ya vijiji vya Waroma huko Romania, zamani lori lilijazwa na kuondoka. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Umoja wa Ulaya, linapita forodha, na zawadi nayo ni mzigo kama mizigo mingine. (Waroma si Warumi, wala si Waromania kwa jina jingine. Ni jamii yenye lugha yake, ambayo mababu zake walishikwa utumwa Wallachia na Moldavia, nchi za zamani zilizoungana kuwa Romania, hadi miaka ya 1850.)

Anzeni na mpokeaji. Hapa ndipo wengi hukosea: msamaha hauombwi na ninyi, unaombwa na shirika linalopokea kule Romania. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1186/2009, kuanzia kifungu cha 61, inasamehe ushuru kwa mahitaji ya lazima kama chakula, nguo na matandiko, mradi shirika liwe limekubaliwa na mamlaka za huko na vitu vigawiwe bure kwa wahitaji. Kifungu cha 63 kinataka hesabu za shirika hilo ziwe zinakaguika. Basi kabla hamjachangisha hata soksi, mpokeaji awatumie nakala ya idhini yake. Kama hana, aanze kuitafuta, nanyi msubiri.

Kisha ombeni namba ya EORI (namba ya kuwatambulisha forodhani) inayoanza na GB, bure, kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Tamko la forodha mpeni wakala wa forodha awajazie.

Kazi kubwa ni orodha ya mzigo. Kila boksi lipewe namba na maelezo kamili: "Boksi 17: viatu vya watoto, mitumba, jozi 24, kilo 11." Kadirieni na thamani, msiandike sifuri. Nimeshuhudia boksi moja lililoandikwa "vitu mchanganyiko" likasababisha lori zima kupakuliwa mpakani, mpokeaji akipiga simu kila saa.

Chai na kahawa zitoeni. Kifungu cha 62 kinazinyima msamaha, pamoja na pombe, tumbaku na magari, isipokuwa ya wagonjwa. Sisi mgeni tunampokea kwa chai, kwa hiyo hakosekani mtu wa kuchomeka pakiti kwa moyo mweupe. Fungueni mtazame. Vyakula vyenye nyama au maziwa vina vyeti na ukaguzi wake, heri mviache. Mapaleti ya mbao yawe na muhuri wa ISPM 15, yaani alama ya kimataifa kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Ambatisheni barua ya zawadi, iliyosainiwa, yenye tafsiri ya Kiromania, ikisema mzigo umetolewa bure na hautauzwa.

Mzigo ukifika, mpokeaji atunze orodha ya ugawaji, maana vitu hivyo haviruhusiwi kuazimwa, kukodishwa wala kupewa mwingine bila kuiarifu forodha kwanza. Ombeni nakala ya orodha hiyo. Picha ya mtoto akiwa ameshika zawadi forodha haiidai, nanyi msiiombe.