Wikipedia bila bando kijijini

Mkutubi unayepeleka vitabu shule za Bahi au Chamwino, wilaya za Dodoma, kabla hujatoka mjini pakua Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, kwenye simu ya Android, na ndani yake Wikipedia ya Kiswahili. Ukifika, zima data (usipozima wanafunzi watakumalizia bando kwa video), washa hotspoti, kisha fungua sehemu ya kushirikisha vitabu ndani ya Kiwix (mafaili yake, kama hilo la Wikipedia, huyaita vitabu). Chagua Wikipedia, bonyeza kuanzisha, na itatokea anwani yenye namba. Wanaounganishwa waiandike kwenye kivinjari, nao wasome bure, maana kila kitu kiko kwenye simu yako. Darasa zima likijiunga kwa mpigo, simu inagoma; waingie kwa makundi. Na betri inakwisha upesi, beba pawabanki. Habari mpya usizitafute humo: makala ni za siku faili la Wikipedia lilipoandaliwa.