Kumshirikisha jirani imani yako bila kumchosha

Mkristo wa Dodoma hakosi nafasi ya kuzungumza habari za Yesu. Anachokosa ni kujua aanzie wapi na aishie wapi. Ibara ya 19 ya Katiba inasema kutangaza na kueneza dini ni jambo huru na la hiari, ila kumbuka hata anayekusikiliza ana hiari yake.

Andaa ushuhuda kabla hujakutana na mtu. Chukua daftari, andika nusu ukurasa, kisha usome kwa sauti huku ukitazama saa. Ukizidi dakika 3, punguza. Yanatakiwa mambo matatu tu: ulikuwaje, Yesu alikukutaje, na nini kimebadilika. Wengi huharibu pale mwanzo. Pombe, waganga na ugomvi vinakula dakika 2 na nusu, Yesu anabakiwa na sentensi moja. Yale ya zamani yape nusu dakika, yanatosha.

Kisha pita na kalamu ukikata lugha ya kanisani. Ukimwambia muuza nyanya wa soko la Majengo "nimefunikwa kwa damu", ataitikia kwa heshima asielewe kitu. Mwambie "nilikuwa siongei na kaka yangu kwa sababu ya shamba, sasa tunakula sahani moja", ataelewa. Mzee wa Kigogo kule Mvumi msalimie "Mbukwa" na ungoje aitikie, hata kama mtaendelea kwa Kiswahili.

Sasa ngoja swali. Wahubiri wa stendi watabisha, lakini wao wana wito wao. 1 Petro 3:15 inazungumzia kumjibu anayeuliza, tena kwa upole. Maswali huja kwenye mambo madogo. Tuseme gengeni umezidishiwa chenji shilingi 5,000, ukairudisha:

"Dada, ungenyamaza wala nisingejua."

"Mimi ningejua, mama. Namwamini Yesu, hela ya mtu inaniwasha mfukoni."

Ishia hapo. Akicheka na kuendelea kupanga nyanya, chukua mzigo wako uende. Akiuliza zaidi, ndipo zile dakika 3 zina kazi.

Angalia na majira. Mvua zikianza, kuanzia Desemba, watu wa vijijini wako shambani tangu alfajiri, na kumsimamisha mwenye jembe ni kumkera. Palilia naye mistari miwili, mazungumzo yatakuja yenyewe. Ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, subiri saa ya chakula, na bosi asimwanze aliye chini yake, maana huyo hawezi kukataa kwa uhuru. Msibani usihubiri kabisa: chota maji, kaa mkekani, omba ukiombwa.

Jirani Mwislamu ukimwalika chakula, kuku achinjwe na Mwislamu, na sufuria isiwe ile ya kitimoto. Mwambie mapema, ikiwezekana aje achinje mwenyewe. Mezani msibishane dini ya nani ni bora. Mweleze Yesu unayemjua wewe, naye umsikilize.

Mtu akitaka kuendelea, someni Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo mkisoma mbili kila wiki mnamaliza kwa wiki 8. Kaeni barazani, hasa mkiwa mwanamke na mwanamume, watu wa mtaa wasipate la kusema. Swali likikushinda, sema "nitamuuliza mchungaji", na urudi kweli na jibu. Usimwahidi mtu mtoto wala utajiri. Mgonjwa usimwambie aache dawa za presha au za ARV. Mwombee, kisha mkumbushe saa ya kumeza.

Akikwambia "nitafikiria", mara nyingi hiyo ni hapana ya adabu. Usimfuatefuate. Kesho msalimie vilevile, na chumvi muazimane kama zamani.