Kufunga mwamba wa pweza: kazi iko siku ya kufungua

Mimi nachokoa pweza, huku kusini mwa Pemba, na kwenye kamati yetu ya uvuvi ya shehia, yaani eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, ndiye ninayeshika daftari la mizani. Mwamba wetu tunaufunga miezi mitatu, yaani hakuna anayevua pweza hapo, tunaufungua, kisha tunafunga tena, kama wenzetu wa Kisiwa Panza.

Mkitaka kuanza, kaeni kikao na kina mama wawemo. Wanaozamia kwa miwani ni wepesi kupendekeza mwamba wa karibu, maana wao wana pengine pa kwenda. Sisi tunaokwenda kwa miguu maji yakipwa hatuna. Chagueni mahali ambapo mkishapafunga kila mtu bado ana pa kutafuta kitoweo.

Anzeni na pweza kwa sababu samaki kama changu na chewa watawadai miaka ya kungoja. Pweza haishi hata miaka miwili, hivyo hukua mbio, na aliyekuwa mdogo wa kurudishwa majini siku ya kufunga mtamkuta ana uzito wa kuuzwa. Na mwamba wenyewe unahitaji kupumzika. Mwaka 2016 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani hii yaligeuka meupe. Yaliyobaki hai hayafai kukanyagwa kila siku.

Mipaka wekeni madumu yanayoelea, yapakwe rangi. Zamu za doria zikazwe siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, maana hapo ndipo mwamba unapokuwa wazi na wezi wanapokuja.

Sasa kufungua. Mara yetu ya kwanza tulifungua bila mpango. Watu walikuja na nondo, wakapasua matumbawe kutoa pweza, na kabla ya adhuhuri tajiri mmoja wa kununua, aliyekuja peke yake, akashusha bei, nasi hatukuwa na barafu. Miezi mitatu ya subira ikaliwa asubuhi moja. Nililia, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo: fungueni siku ya bamvua ili wa miguu wafike. Iteni wanunuzi wawili au zaidi, bei ikubaliwe mbele ya sheha, mkuu wa shehia, siku moja kabla. Barafu iwepo pwani. Vijiti vya mti tu, chuma kibaki nyumbani. Kila pweza apite kwenye mizani, na anayeonekana hafiki nusu kilo asiguswe. Akitoka tunduni mwacheni.

Wafundisheni vijana kumtambua pweza mama anayelinda mayai. Tundu lake ameliziba kwa vijiwe, na mlangoni huoni maganda mapya ya kaa, kwa kuwa hali kitu. Ukichungulia utaona vishada vyeupe vimening'inia juu yake, kila yai dogo kama punje ya mchele. Atayalinda mpaka yaanguliwe, kisha atakufa. Ukimkuta, rudisha kijiwe chake taratibu, nenda tundu jingine.