Injini ya boksa inayogonga: namna ya kuipima kelele, kuipunguza na kusafiri nayo

Ukiwasha BMW R1150GS au R1150RT iliyolala usiku kucha, upande wa kushoto utagonga kwa sekunde mbili tatu, kisha kelele inakatika. Tapeti zinabaki zinalia tiki-tiki. Ukiachia klachi ikiwa nyutro, giaboksi nayo inaanza kuchakarika chini ya miguu. Mwenye pikipiki mpya kwake husikia injini inayokufa, na mafundi wengi ambao hawajaizoea boksa (injini ya silinda mbili zilizolala, moja kila upande) husema hivyo hivyo. Kelele zote tatu ni za kawaida kwa familia hii ya R1100 na R1150, iliyotengenezwa kuanzia 1993 hadi miaka ya kwanza ya 2000. Swali la kujiuliza ni kama kelele imebadilika, na kama inabadilika pale ambapo haikutarajiwa.

Sababu kubwa ya injini hii kusikika ni umbo lake. Silinda mbili zimechomoza nje, hazina koti la maji la kumeza sauti, na kamshafti inakaa ndani ya kichwa cha silinda huku ikizisukuma roka (mikono inayofungua valvu) kwa fimbo fupi. Chochote kinachogonga ndani kimetenganishwa na sikio lako kwa kava nyembamba tu. Kwa hiyo usiilinganishe na injini iliyopozwa kwa maji.

Anza kwa kuitambua

Tafuta stethoskopu ya fundi. Ukiikosa, bisibisi ndefu inatosha: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Funga nywele na kamba za nguo, na mkono uwe mbali na ekzosi. Usiiache injini ikiunguruma imesimama zaidi ya dakika mbili au tatu bila feni kubwa mbele yake. Boksa hii inapozwa kwa hewa na oili, na bila upepo hupanda joto haraka.

Sikiliza sehemu nne kwa utaratibu: katikati ya kava ya tapeti, shina la silinda linapokutana na bloku, nyumba ya klachi, na giaboksi. Kelele ikiwa kali kwenye kava, ni roka au valvu. Ikiwa kali kwenye shina la silinda, hasa la kushoto, ni cheni ya taimingi na tenshena yake, yaani kifaa kinachoikaza.

Hesabu mwendo wake pia. Sailensa ya injini hii, yaani mwendo wake bila kuvuta resi, ni mizunguko 1,100 kwa dakika, kiasi cha mizunguko 18 kwa sekunde. Kamshafti huzunguka nusu ya hapo, hivyo mlio wa kugonga wa valvu moja ni mara tisa kwa sekunde, mwepesi kuufuata kwa sikio. Mlio wa kugonga unaokuja mara mbili ya hapo na ni mzito, wa chini, unatoka kwenye krankshafti au pistoni, na huo si wa kuzoea.

Kisha fanya jaribio la klachi. Pikipiki ikiwa na moto, iweke nyutro, vuta klachi. Kelele ikikatika, ni meno ya giaboksi yanayopigana bila mzigo. Kelele ikianza pale unapovuta, ni beringi ya kuachia klachi.

Kuna mdanganyifu mmoja anayewapotezea watu wengi pesa: ekzosi inayovuja pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha silinda. Hulia tiki-tiki sawasawa na tapeti, kubwa injini ikiwa baridi na hafifu chuma kikishatanuka. Tafuta alama kavu nyeusi ya masizi kwenye kiungo hicho kabla hujafungua kava yoyote. Kagua pia kinga ya chini, klampu za ekzosi na fremu za masanduku; bolti moja iliyolegea hulia kwenye mzunguko mmoja tu, juu na chini ya hapo kimya.

Oili kwanza

Injini inakula lita 3.75 pamoja na filta. Oili ya 20W-50 ndiyo ya kawaida kwenye hali ya hewa ya joto, na hapa boksa ina faida: klachi yake ni kavu na giaboksi ina oili yake, kwa hiyo oili nzuri ya injini ya gari haina madhara. Pikipiki ya cheni yenye klachi ya ndani ya oili haina uhuru huo. Kwa msafiri maana yake ni kwamba duka lolote la vipuri vya magari, Mombasa au Mbeya, linaweza kumsaidia.

Kiwango kisomwe pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, injini imepata joto na imezimwa dakika kumi. Ukisoma kwenye stendi ya pembeni utadanganyika. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban nusu lita. Katikati panatosha, ukijaza hadi juu kabisa, ya ziada hutupwa kwenye boksi la filta ya hewa.

Tapeti na roka

Kuseti tapeti ni kazi ya kila kilomita 10,000, na ndiyo inayopunguza kelele nyingi kwa gharama ndogo. Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku.

Weka stendi ya kati, ingiza gia ya juu kabisa, toa plagi moja ya kila silinda ili gurudumu la nyuma lizungushe injini kirahisi. Kava ina bolti nne. Weka karai chini kwa sababu oili kidogo itamwagika. Chomoa kizibo cha mpira upande wa kulia wa injini, nyuma ya silinda, uzungushe gurudumu mpaka alama ya OT (pistoni iko juu kabisa) itokee kwenye tundu. Zitikise roka za upande uliofungua. Zikicheza, pistoni iko juu na valvu zote nne zimefunga. Zikikaza, zungusha injini duru moja zaidi.

Valvu za kuingiza ziko nyuma, nafasi yake 0.15 mm. Za kutoa moshi ziko mbele, 0.30 mm. Roka moja inasukuma valvu mbili, kwa hiyo tumia fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) mbili za unene uleule, moja kila valvu, kwa wakati mmoja. Ukipima moja moja roka inaegemea upande na kipimo kinakuwa cha uongo. Nati ya kufungia ni 8 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na baada ya kuikaza pima tena, maana skrubu hupenda kuzunguka nayo. Upande wa pili unafuata baada ya duru moja kamili ya injini. Kava nayo inafungwa 8 Nm, gasketi zikiwa kavu na safi, ikiwemo ile ya duara inayozunguka tundu la plagi.

Kuna fundi atakayekuambia abane nafasi kidogo ili injini inyamaze. Mkatalie. Valvu ya moshi hupoa wakati imekaa kwenye kiti chake. Nafasi ikiwa ndogo, haikai sawasawa, joto halina pa kwenda, na ukingo wake unaungua. Valvu inayolia kidogo ina afya kuliko iliyonyamazishwa.

Tapeti zikiwa sawa na bado kuna mlio mkavu wa kugonga kwenye kava, shika roka uisukume juu na chini kando ya mhimili wake. Uchezaji unaoruhusiwa ni kati ya 0.05 na 0.40 mm. Roka yenye 0.40 iko ndani ya kipimo lakini inapiga kelele kweli, na kuisogeza karibu na 0.05 hubadilisha sauti ya injini nzima. Isishuke chini ya hapo, kwani inahitaji nafasi ya kutanuka. Ila kurekebisha kunagusa vishikizo vya roka kichwani mwa silinda, kwa hiyo mpe mtu mwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo na toki renchi inayoaminika. Kama huna mtu huyo karibu, safiri na kelele.

Mlio wa kugonga wa asubuhi, upande wa kushoto

Tenshena za cheni ya taimingi zinapata nguvu kutoka kwenye presha ya oili. Kila silinda ina yake, ila hazijakaa kwa mkao mmoja: ya kushoto, injini ikisimama, oili hutoka ndani yake polepole. Ukiwasha, cheni inapigapiga reli yake mpaka presha irudi. Sekunde chache, hasa baada ya kulala, haziui injini. Kugonga kukiendelea zaidi ya hapo, au kukitokea injini ikiwa na moto, reli ya plastiki au tenshena imechoka, na hapo usingoje.

Dawa inayojulikana ni tenshena ya injini ya R1200 iliyofuata, yenye nafasi ya kuhifadhi oili. Inaingia upande wa kushoto bila kuchonga kitu. Agiza kwa kutaja tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, pamoja na washa mpya.

Weka silinda ya kushoto juu kwenye OT, valvu zake zikiwa zimelegea, kama ulivyofanya kwenye tapeti. Tenshena ikiwa nje, usiizungushe injini hata kidogo. Cheni ikiruka jino moja, valvu na pistoni zinaweza kukutana. Hakikisha kila kipande cha zamani kimetoka. Pistoni yake ndogo huweza kubaki tunduni, ivute kwa sumaku. Safisha uso wa washa, funga mpya kwa 32 Nm, kisha izungushe injini kwa mkono duru mbili kamili kabla ya kugusa stata. Ukihisi inakwama, simama hapo hapo. Kuwasha mara ya kwanza itagonga mpaka ijae oili, usivute resi.

Kuchakarika kwa giaboksi

Hii ndiyo kelele ya kuishi nayo hasa. Haiponi, hupungua. Sailensa ikishuka chini ya 1,100, au silinda mbili zisipovuta hewa sawa, kila mpigo unakuwa na nguvu tofauti na meno yanagongana zaidi. Sawazisha kwa geji mbili za vakyumu, injini ikiwa na joto la kazi, kwa kutumia skrubu kubwa za shaba za njia ya hewa. Skrubu za kuzuia kipepeo, zilizopakwa rangi kiwandani, usiziguse.

Oili ya giaboksi ni lita 0.8 na ya difu robo lita tu, zote za daraja la GL-5.  Ukizitoa, kagua sumaku ya kizibo. Uji wa kijivu ni kawaida. Vipande vyenye makali si kawaida.

Kwenye foleni, usivute klachi dakika nzima ili usiisikie tu. Unaokoa masikio huku unaila beringi ya kuachia.

Kelele zisizozoeleka

Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka ukivuta resi, taa ya presha ya oili ikiwaka hata kwa kupepesa, ngurumo kutoka gurudumu la nyuma inayobadilika ukiinama kwenye kona: simamisha pikipiki. Kwa hiyo ya nyuma, iweke stendi ya kati, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukihisi linacheza, au kuna unyevu wa oili kwenye sili ya difu, beringi kubwa inaisha.

R1150 ina tatizo jingine la kimyakimya: meno ya shafti ya klachi huliwa. Dalili ya kwanza ni gia kuingia kwa shida. Toa stata, shika ukingo wa sahani ya klachi kupitia uwazi huo, uitikise mbele na nyuma kwa mzunguko. Ikicheza waziwazi, usianze safari ndefu nayo, maana meno yakiisha pikipiki inapiga kelele bila kusogea.

Mlio mkali wa kokoto ukipanda mlima kwa gia kubwa ni petroli yenye oktani ndogo inayolipuka kabla ya wakati. Shusha gia, punguza mzigo, jaza kituo kingine.

Kumbukumbu ya sauti

Rekodi kwa simu. Simu iwe mita moja kutoka silinda ya kushoto, mahali palepale kila mara, sekunde 30 injini ikiwa baridi na 30 ikiwa na moto, kisha vuta klachi mara moja ili sauti ya giaboksi itengane. Ipe faili jina la kilomita. Rudia kila unapobadilisha oili. Kumbukumbu ya mwanadamu kuhusu sauti ni dhaifu, na ukiwa umechoka kila kitu kinagonga zaidi. Rekodi mbili zinazofanana humaliza wasiwasi, na fundi wa mji mgeni akizisikia hana haja ya kubahatisha.

Vizibo vya masikio vivae barabarani, kwa sababu upepo ndani ya helmeti unaumiza masikio kuliko injini hii. Lakini kilomita mbili za kwanza za asubuhi endesha bila vizibo.

Mfukoni mwa safari weka fila geji za 0.15 na 0.30, gasketi mbili za kava, lita moja ya oili, sumaku ndogo na washa za vizibo. Washa ya shaba ukiikosa dukani, ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, itumike tena. Ya alumini haikubali.